Geji Mpya ya Pijo

Jeremiah alikuwa na Pijo 404 nyeupe, aliyoinunua alipokuwa karani kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River. Kazi iliisha, gari likabaki. Geji yake ya mafuta ilikuwa imekufa zamani, naye kwa miaka mingi akaishi na hofu: kila alipotoka Machakos mjini alijaza tangi kwanza, hata kama safari ni ya Tala na kurudi.

Mwaka wa tisini na nane, bintiye Kamanthe alipokaribia kuolewa, Jeremiah alitaka gari la bibi harusi lisimtie aibu. Akalipaka rangi, akashona viti upya, akanunua geji mpya Nairobi. Si ya Pijo, ila ukingo wake uling'aa. Mkewe Mumbua aliitazama akacheka.

"Baba Kamanthe, ile ya zamani ilikuwa afadhali. Maiti hadanganyi mtu."

Harusi ikapita salama. Lakini mshale wa geji ulikuwa na tabia yake: tangi likijaa unapanda vizuri, kisha unashuka hadi karibu na nusu, unagoma hapo.

Jeremiah akalipeleka gari kwa Ayub, fundi wa umeme wa magari mwenye kibanda nyuma ya msikiti. Ayub alilala chini ya gari, akasugua kutu pale waya unapofungwa kwenye bodi. Mshale haukujali. Akachomoa waya unaotoka kwenye tangi, mshale ukaanguka. Akaugusisha kwenye chuma cha gari. Ukaruka hadi juu.

"Geji ni nzima, mzee, na waya pia," alisema akijipangusa mikono. "Shida ni boya, ile inaelea ndani ya tangi. Boya ni ya zamani, geji ni ya juzi, hazisikizani. Nitakutafutia boya yake. Kwa sasa usiiamini. Jaza tu vile ulikuwa unajaza."

Akajaza, kwa majuma kadhaa. Lakini jicho likizoea kitu huanza kukiamini, na mshale ule, ulipokuwa juu ya nusu, ulisema kweli kila mara.

Jumapili moja walikuwa wanatoka Konza kumwona kaka yake Mumbua. Vumbi la nyasi kavu likamshika Mumbua kifuani. Alikuwa na pumu tangu ujana. Akavuta dawa yake, kikopo kikatoa hewa tupu.

"Harakisha," alisema.

Jeremiah akakanyaga. Injini ikakohoa, ikanyamaza, gari likajikokota hadi kando ya barabara. Mshale ulionyesha karibu nusu.

Ndiyo maana alifungua boneti. Akahangaika na plagi, akahangaika na pampu, huku akisikia filimbi ya kifua cha mkewe ikitoka dirishani. Alipong'amua kwamba tangi ni kavu, filimbi ilikuwa imefifia. Akasimama katikati ya barabara akipunga koti. Magari yakamkwepa. Mwishowe lori la ng'ombe likasimama, wakambeba Mumbua hadi kiti cha mbele. Alipanda akiwa ameushika mkono wa mumewe kwa nguvu. Walipofika hospitali, ni Jeremiah aliyekuwa ameushika wake.

Baada ya mazishi Ayub alikuja na boya. Hakuwa ameitwa. Jeremiah akamwonyesha gari kwa kidevu. Fundi akafunga boya, akamimina mafuta kidogo kidogo, na mshale ukayafuata.

"Sasa iko sawa, mzee."

"Uliniambia," Jeremiah alisema.

Ayub akainamisha kichwa. "Siku anajua Mungu."

"Siku anajua Yeye. Petroli nilikuwa nijue mimi."

Ayub akafunga kifuniko cha tangi. Akakusanya vyombo vyake, akaaga, akaondoka.

Kamanthe alipokuja kuchukua nguo za mama yake, alimkuta baba yake barazani, kiti amekigeuza akitazama ukuta. Alimwekea chakula. Kilipoa mbele yake, naye Kamanthe akakitoa.