Mzigo Niliomtua Mzee wa Mikindani

Hili sikusimuliwa. Lilinikuta mimi mwenyewe, na akili zangu zote ninazo. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi.

Ni ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa kila mtu. Mimi ni mama wa Msamala, hapa Songea. Nilipakia magunia yangu ya mahindi kwenye lori la Mzee Fadhili, dereva tuliyezoeana naye, tukashika njia ya Tunduru kwenda Mtwara. Siku nne! Kijiji cha Nakapanya peke yake tulikwama kutwa nzima kwenye tope. Lakini nani amepita njia ile akavisahau vile vilima vya mawe na misitu isiyoisha?

Kabla ya kuingia Mtwara, Mzee Fadhili akasimamisha lori Mikindani.

"Mama Neema, shuka uione bahari. Hapa ndipo ilipoishia njia ya zamani ya misafara ya watumwa na pembe, ile ya kutoka Ziwa Nyasa."

Akabaki akikagua matairi, nami nikateremka hadi ufukweni. Maji yale yalinishangaza hata nikasahau njaa. Mara nikasikia mtu anahema nyuma yangu.

Alikuwa mzee aliyevaa kaniki iliyochakaa, ameinama mno, begani ana pembe ya ndovu ndefu kumzidi. Kovu limemzunguka shingo nzima. Unadhani nilikimbia? Nilimwamkia.

"Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Alisema kwa Kingoni, kile kizito cha watu wa kale: "Nitue, mwanangu. Nawaomba wote wapitao, hawanisikii."

Niamini, nilijua kabisa huyu si mtu wa leo. Na bibi yangu alinionya tangu utotoni kwamba mzigo wa mfu haushikwi. Lakini magoti yake yalikuwa yakitetemeka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

"Wewe wa nani, babu?"

Akataja ukoo wa bibi yangu.

Nikaweka mikono chini ya ile pembe. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nzito kuliko gunia lolote nililowahi kushika. Tukaishusha taratibu. Ilipogusa mchanga haikutoa sauti yoyote. Yule mzee akanyoosha mgongo, polepole, mpaka akawa mrefu kunipita. Akainua uso, akatazama mbele.

"Kumbe maji yenyewe ndiyo haya," akasema.

Uso ule siwezi kuueleza. Nilipopepesa macho hakuwapo, wala pembe haikuwapo.

Mzee Fadhili akaja mbio. "Mama Neema! Umeinama hapo unakumbatia nini?" Nikajipangusa mchanga, nikapanda lori.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia bibi. Akasema kaka wa babu yake alichukuliwa na msafara, asirudi.

"Alitua?" akaniuliza.

"Alitua, bibi."

Akalia kama mtoto. Jumapili akaenda Peramiho kumwombea misa, kwa jina ambalo nyumbani kwetu sikuwahi kulisikia.

Tangu siku ile viganja vyangu havipati joto, hata nikikaa jikoni kutwa. Watu nikiwapa mkono hushtuka. Sijuti.

Nawe ukifika kule ukasikia mtu anaomba kutuliwa, mtue, usiogope. Ila akikuambia umpokee mzigo uubebe wewe, kataa, hata kama ni ndugu yako wa damu. Njia imeishia pale. Ukishaupokea, utaupeleka wapi?