Mshahara wa Kusikiliza Watu

Nilirudi Lodwar, kwetu Turkana, na shahada ya saikolojia na deni la mkopo wa masomo. Shahada ilikaa juu ya kabati la mama. Deni lilikaa kwenye simu yangu, likinitumia ujumbe wa adabu sana kunikumbusha kwamba riba inaongezeka hata kama mimi sina kazi.

Mama anasuka vikapu vya majani ya mkoma na kuviuza sokoni. Pale mkopo ulipoishia, yeye ndiye aliyejaziliza, na kila muhula mbuzi aliondoka nyumbani asirudi tena. Swali lake kuhusu masomo yangu lilikuwa moja, na aliliuliza mbele ya wateja.

"Mwanangu, hiyo kazi yenu ya kusikiliza watu, nani humlipa mwenzake? Anayeongea au anayesikiliza?"

Binamu yangu, ambaye hakumaliza sekondari, alikuwa akiendesha lori la samaki na pesa yake ilikuwa inaonekana. Ndiye aliyenitafutia kazi ya ukarani kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Wiki hiyo hiyo shirika dogo la kambi ya wakimbizi ya Kakuma likaniita kwa mahojiano ya kazi ya ushauri nasaha. Nilijua wazi kwamba karani wa misumari na mabati angemaliza lile deni mapema kuliko mshauri. Lakini nilikuwa nimesoma miaka minne, na nilitamani, hata kama ni mara moja tu, mtu aniulize kitu nilichosomea. Nikamwomba mwenye duka anisubiri siku chache, nikaenda Kakuma.

Walionihoji walikuwa wawili: meneja, mzee mwenye miwani, na mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa mkalimani wao. Waliniuliza ningefanya nini na mtoto aliyekataa kuongea tangu afike kambini. Nilijibu vizuri mpaka nikajishangaa. Ningekaa naye, nikasema, ningecheza naye, nisingemlazimisha. Mkalimani akatikisa kichwa kukubali, nami nikaanza kujiona mtu.

Kisha meneja akauliza, "Unatarajia mshahara kiasi gani?"

Nambari niliyoifanyia mazoezi njia nzima ndani ya basi ikanitoka kichwani. Nikajisikia nikihesabu kwa vidole, kwa sauti: kodi ya chumba, makato ya mkopo, kitu kidogo cha mama, vocha ya simu. Nikajumlisha, nikawatajia jibu, nikatulia kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mkalimani akainama upande wangu. "Dada," akasema taratibu, "na utakula nini?"

"Chakula!" nikapiga kelele. "Nimesahau chakula!"

Meneja alicheka hadi akavua miwani. "Ongeza chakula," akasema akijifuta macho. "Tunataka mshauri aliye hai."

Nikaongeza chakula. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikaongeza na sabuni.

Waliponipigia kunipa kazi, nilikuwa bado nangoja basi la kurudi; nilimpigia mama pale pale. Alikuwa sokoni. Alipiga kigelegele kimoja, na wanawake wenzake, bila kujua ni cha nini, wakampokea. Nikamsikia muuza samaki akiuliza, "Wametoa ng'ombe wangapi?"

"Si mahari!" mama akajibu kwa sauti. "Ni mshahara!"

"Mshahara wa nini?"

"Wa kusikiliza watu!"

Kicheko kilichofuata nilikisikia mpaka nikalazimika kuisogeza simu mbali na sikio. Nami nilikuwa nacheka, nikirukaruka peke yangu kando ya barabara ya Kakuma, na vumbi lote lile.

Mshahara wenyewe ulikuwa chini ya ule wa duka. Mwisho wa mwezi wa kwanza mkopo ulikatwa kabla sijaigusa pesa, nikapata ujumbe wa shukrani. Nilitazama salio la deni: lilikuwa limepungua kama ziwa lililochotwa kikombe. Kwa mwendo ule ningelilipa miaka mingi, huku binamu yangu akinunua lori lake mwenyewe. Nilimwonyesha mkalimani, ambaye sasa nilikuwa nikifanya naye kazi bega kwa bega. Akaisoma ile nambari, akanishika mkono.

"Twende tule," akasema. "Si uliongeza chakula?"

Tulikula injera, ule mkate mwembamba mchachu, kwa Mhabeshi mpaka mikanda ikalegezwa, na alilipa yeye.

Mama alikuja kunitembelea baadaye. Hakutaka kuona chumba changu. Alitaka kuona kazi. Aliingia ofisini, akaketi kwenye kiti cha wateja, akapanga shuka yake.

"Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana, kana kwamba hatujuani. "Haya. Nisikilize, nione mbuzi wangu walienda wapi."

Nikafunga mlango, nikamsikiliza. Alianza na wifi yake, akaja kwenye goti linalomsumbua, akaenda kwa baba yangu aliyefariki nikiwa mdogo. Hapo aliongea mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: jinsi alivyokuwa akisuka kando ya jiko huku akilia, ili tudhani ni moshi. Sikumkatiza. Nilimuuliza maswali mawili matatu tu, na kila aliponyamaza nilimngoja. Alipomaliza alivuta pumzi ndefu, akajinyoosha mgongo.

"Kweli mwili umekuwa mwepesi," akasema. Kisha akasogeza uso karibu, kama anayeulizia bei ya ng'ombe. "Hapa mnalipisha pesa ngapi?"

"Bure, mama. Shirika ndilo linalonilipa."

"Bure?" Akasimama. "Bure kabisa, na watu wamejaa kule bombani na mizigo yao kifuani?"

Kabla sijainuka alikuwa ameshatoka nje. Nikamkuta kwenye foleni ya maji, akiwaambia wanawake asiowafahamu, Kiturkana na Kiswahili vikigongana, kwamba mtoto wake anasikiliza vizuri sana, na ana digrii, na waje sasa hivi kabla mimi sijaenda kula.