Dumu la Kijani na Maji ya Moto

Nimeishi jirani na maji ya moto ya Bugarama miaka mingi, na bado kila nikifika pale nasimama kama mgeni. Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna mtu aliyewasha kitu, na maji yanatoka ardhini yakiwa na joto la kumfanya mtu mzima atie mguu kidogo kidogo huku akiguna. Juu ya mawe yameacha ukoko mweupe wa chumvi. Wenye maumivu ya viungo hukaa humo wamezama hadi shingoni, na wakulima wa mpunga huja kutoa matope ya mashambani. Zamani zile za vita vya Kongo, ng'ambo ya mto, wanawake walikuwa na kazi nyingine tena pale, na mimi ndiye niliyewafundisha bila kujua.

Jumatano moja mama mkwe wangu aliingia uani na dumu la kijani kichwani, linang'aa kama limetoka dukani. Alilitua mbele yangu kwa mikono miwili.

"Mukamwana," akaniita, yaani mke wa mwanawe, "ona. Nilisafisha siku tatu, na majivu, na muchanga, na maji ya moto. Sumu yote ilikufa. Hii njo bido ya mtoto."

Bido ni dumu. Ndivyo tunavyoliita huku. Na hilo lilikuwa dumu la dawa ya kuua wadudu wa mpunga. Msomaji asimcheke. Sisi tuliorudi kutoka Kongo, na wale waliokimbilia Kongo wakarudi baada yetu, wote tulijua kwamba mtu akikimbia vita mkono mmoja unashika mtoto na mwingine unashika dumu. Vita vilipochacha ng'ambo, mpaka wa mto Rusizi ukawa unafungwa na kufunguliwa, na wachuuzi waliotuletea madumu kutoka Bukavu wakapotea. Dumu tupu la dawa likiachwa kwenye tuta la shamba halikukaa hata nusu saa.

Binti yangu, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na miezi saba. Jumatatu iliyokuwa inakuja nilitakiwa kurudi kufundisha sayansi shuleni, na bibi yake ndiye angebaki naye na kumpikia uji. Uji wa maji ya dumu lile.

Nililifungua nikanusa. Lilinuka majivu tu.

"Mama, hii ilikuwa ya sumu," nikasema.

"Ilikuwa. Sasa haiko tena. Si weye mwenyewe ulitufundisha?"

Ilikuwa kweli. Kipindupindu kilipoingia, watu wa afya walitafuta walimu wa kuwaelimisha wakulima, nami nikajitokeza mbele kabisa. Nilikuwa kijana, nimesomea Bukavu, nina mdomo wa mwalimu. Nilisimama kwenye uwanja wa kuanikia mpunga nikapaza sauti: chemsheni maji, chemsheni vyombo, moto unaua kila kitu! Nilipenda sana lile neno "kila kitu". Nililirudia mpaka watoto wakaliimba. Na wanawake, ambao kuni zilikuwa zinawatesa, wakafikiri kidogo, wakaona kwamba Mungu amewawekea moto wa bure pale chemchemini. Wakaanza kupeleka vyombo vyao. Baadaye wakapeleka na madumu ya dawa.

Nilimwambia mama mkwe kwamba vijidudu ni kitu kimoja na sumu ni kitu kingine. Akanitazama vile wazee wanavyomtazama mtu aliyeuza ng'ombe akarudi kumdai.

"Kwa hiyo ulitudanganya?"

"Hapana, Mama."

"Basi bido ni nzuri," akasema, na akaenda kuswali.

Siku mbili zilizofuata hatukuzungumza vizuri. Kila nilipopita karibu naye alitema mate pembeni. Alitema asubuhi akichagua mchele, alitema mchana akiwa amembeba mtoto. Sikuwahi kudharauliwa namna ile katika nyumba ya mume wangu, na nilikasirika mpaka maziwa yakakataa kutoka. Mara moja aliangusha ungo, mchele ukamwagika wote, akaniangalia kama mimi ndiye niliyeupiga teke. Nikaokota.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda cha saruji. Alikuwa mtu wa kutotaka kesi, hasa kati ya mama yake na mkewe. Jioni ya Alhamisi nilimshtakia huku akinawa vumbi la uso.

"Miye sijue mambo ya sumu," akasema. "Lakini ile maji ya moto, ile ni joto ya kuoga. Kule kwetu jiwe linapita mu moto mpaka linageuka kitu ingine. Na moto ikipungua kidogo tu, jiwe linatoka jiwe."

Alisema hivyo akaomba chakula. Mimi nikabaki nimesimama na birika mkononi.

Maana hilo nililijua, na nilikuwa nalifundisha. Kila mwaka niliwapa wanafunzi vijiko viwili juu ya makaa, kimoja cha sukari na kimoja cha chumvi. Sukari ilitoka jasho, ikawa maji, ikawa nyeusi, ikatoa moshi. Chumvi walipuliza makaa mpaka machozi yakawatoka, kengele ikalia, na chumvi bado imekaa palepale, nyeupe, haina habari. Niliwaambia kwamba hata chumvi huyeyuka ikawa kimiminika, ila joto linalotakiwa halimo katika jiko lolote la kijiji chetu. Nilikuwa nawaonyesha ajabu hiyo kila mwaka: kwamba kila kitu duniani kina joto lake la kukata tamaa, na kingine hakina haraka. Kisha nilitoka nje nikawaambia mama zao kwamba moto unaua kila kitu. Niliona aibu kali, ya kuchoma masikio.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye mfereji wa mpunga na kikombe, nikarudi na viluwiluwi vya mbu. Nikamwita mama mkwe, nikamwambia ninachotaka kufanya. Nitachemsha maji ya mtungi wetu na maji ya dumu, niyapoze, nitie viluwiluwi humo, tuangalie.

"Hapana," akasema. "Weye usichemshe. Nitachemsha miye."

Akachemsha mwenyewe, sufuria mbili, muda mrefu kuliko nilivyowahi kumfundisha mtu. Nilipoanza kumimina kwenye glasi akanizuia tena.

"Na ile ya chemchemi? Kama bidudu bikikufa, utajuaje si ile chumvi ya maji ya moto njo iliviua? Bido ilikaa mule siku tatu."

Nilimtazama mwanamke yule ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Katika wanafunzi wangu wote hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Tulimtuma jirani mwenye baiskeli akatuletea maji ya chemchemi, tukayapoza, zikawa glasi tatu kwenye benchi: ya mtungi, ya chemchemi, na ya dumu. Maji yote yalikuwa meupe sawa. Ungenifumba macho ukazibadilisha nisingejua ipi ni ipi.

Sikuwahi kukaa nikamwangalia kiluwiluwi. Huning'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, anavuta hewa kwa kibomba chembamba kama uzi. Ukitikisa glasi anajikunja na kujikunjua, anashuka chini, kisha anapanda tena kuvuta hewa yake. Mama mkwe alimweka mtoto mapajani, tukaangalia sote watatu.

Katika glasi ya dumu walianza kuchanganyikiwa kabla ya adhuhuri. Walijikunja bila mpango, wakazunguka, wakashindwa kupanda juu. Mmoja alitetemeka peke yake kwa muda mrefu. Alipomaliza swala yake mama mkwe alirudi akakuta wote wamelala chini. Katika glasi mbili nyingine walikuwa wanapanda na kushuka kama kawaida.

Nilipatwa na woga wa heshima, ule unaompata mtu mbele ya kitu kikubwa. Kile kitu kilikuwa kimejificha ndani ya plastiki, majivu hayakukiona, mchanga haukukikwangua, maji yanayotoka tumboni mwa ardhi hayakukigusa, na moto wa jiko ulikipandisha tu pamoja na povu. Hakina rangi wala harufu, na bado kiliwakuta hao wadogo mmoja mmoja.

Mama mkwe akajaribu utani. "Njo vizuri! Tuimwange mu mifereji, tulale bila mbu." Lakini hakucheka. Alitema mate, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, na nikaona kitenge kimelowa. Kisha akanyoosha mkono wake mbele ya macho yake akautazama. Ulikuwa unatetemeka.

"Miye nakunywaka hiyo maji," akasema.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu ile siku nilileta bido. Asubuhi na jioni. Weye ulisema iko mbaya, miye nilisema iko nzuri. Sasa nani atajua? Nilisema, kama iko na kitu, ianze na miye. Mtoto ni wa juzi."

Nilimpokonya mtoto, kisha nikajuta namna nilivyompokonya, nikamshika na yeye. Alikuwa amelowa jasho mgongo wote. Niliyatazama macho yake kwa mara ya kwanza tangu tugombane, na mboni zilikuwa zimesinyaa mpaka kuwa kama nukta ya kalamu. Mate yale siku zote tatu hayakuwa dharau, yalikuwa dalili ya sumu. Nilikaa naye nyumba moja, mwalimu wa sayansi, nikayahesabu kama matusi.

Mume wangu alimpeleka zahanati akimkokota juu ya baiskeli, mimi nyuma na mtoto mgongoni, nikilia waziwazi njia nzima. Muuguzi alimchoma sindano, akamvua nguo zote akamwosha, akamlaza huko siku mbili. Alimwuliza kwa ukali kwa nini alikunywa sumu.

"Uyu mwalimu alikuwa na mbu zake za kujaribia," akajibu. "Miye sikukuwa nazo."

Alipopata nguvu tulikwenda wote wawili chemchemini, siku ambayo wanawake huwa wengi. Nilisimama juu ya mawe yale yenye chumvi nikawaambia kwamba nilisema kila kitu, na haikuwa kila kitu. Nilidhani watanizomea. Walinitazama tu, kisha wakamtazama yeye, aliyekuwa ameketi na panga, anapasua dumu lake la kijani vipande vipande ili asije mtu akaliokota. Mmoja akatua lake karibu naye. Lilichukua muda, maana dumu si kitu cha kuachia hivi hivi, lakini mpaka alasiri alikuwa na rundo.

Nilirudi darasani wiki mbili baada ya siku niliyopangiwa. Asubuhi ya kwanza nilisimama mlangoni na vitabu vyangu nikimtazama akipika uji kwa maji ya mtungi, maji tuliyoyachota wote wawili, katika chombo ambacho hakijawahi kuona dawa. Alijua hivyo kama mimi. Alipoza kijiko cha kwanza, mtoto akafungua mdomo, naye akakigeuza akakinywa mwenyewe, akatulia kidogo akisikiliza mwili wake. Kisha akachota cha mtoto.