Ngamia Aliyetembea Kama Bunda

Shule nilisoma miaka miwili tu, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya usinitukane, mimi ni mtu wa chai. Wakati wa vita, siku zile sisi Wasomali tukiitwa shifta, yaani waasi, hata tukiwa tumeshika birika, nilikuwa kijana wa kuoa, napika chai kwenye hoteli ya mabati pale Garissa. Ikishaswaliwa adhuhuri mji unalala kwa joto, nami nachora.

Alinifundisha karani mmoja wa pwani, mteja wangu, mtu wa sukari vijiko vitano, na meno yake yalisema hivyo. Alichora mpira kwenye pembe za daftari langu la shule, kila ukurasa mpira umesogea kidogo. Ukiziachia kurasa kwa kidole gumba, mpira unadunda! Akaniambia ukigusa chini uubonyeze kidogo. Ukiwa juu picha zikaribiane, ukishuka ziachane. Nilidundisha mpira mwezi mzima. Halafu nikajitia kuchora ngamia.

Sababu ni hooyo, yaani mama yangu. Vita vilimleta mjini, ngamia wake mweupe wa maziwa akabaki na mjomba upande wa Balambala. Njia zilifungwa. Mvua mbili zimepita hajamwona, na kila chai niliyompa alisema maziwa yake ni maji. Nikasema nitamletea ngamia wake kwenye karatasi. Kurasa arobaini!

Hooyo akitaka kunitania mbele ya wateja huacha Kisomali, anatumia Kiswahili ili wote wafaidi.

"Huyu ni bunda!" akasema. Punda sisi tunamwita bunda. "Bunda mwenye nundu! Wallahi, dhambi ya kuchora viumbe umeichukua, na ngamia hujampata. Nakupa mpaka Ijumaa. Asipotembea, hili daftari linawasha jiko."

Ukweli ni kwamba sikujua. Nililetwa mjini kusoma nikiwa mdogo, ngamia namjua kwa maziwa kuliko kwa miguu. Nilitazama punda wa mkokoteni wa maji mlangoni, mguu wa mbele wa kulia unakwenda na wa nyuma wa kushoto, nikachora hivyo. Nikafuta, nikachora, mpaka karatasi zikaanza kutoboka. Alhamisi nikashindwa, nikamwendea.

"Hooyo, anatembeaje?"

"Mtoto wa watu wa ngamia, huoni haya?" Akakaza shashi yake kichwani, akanishika kiuno kwa nyuma. "Wewe miguu ya mbele, mimi ya nyuma. Upande mmoja wote pamoja. Twende!"

Tukazunguka meza, kushoto wote, kulia wote, tukiyumba. Wateja waliolala wakaamka. Mara mlango ukaingia giza: askari wa doria, na bunduki yake. Tukaganda, hooyo bado amenishika kiuno.

"Mama, mnafanya nini?"

"Ngamia," akajibu hooyo.

Askari akatutazama miguu. Kisha akagonga kitako cha bunduki chini. "Miguu ya nyuma imechelewa. Kushoto! Kulia! Kushoto!" Alituzungusha mara tatu, akanywa chai, akaenda zake.

Jioni ile nilichora upya, safari hii nikihesabu kwa sauti ya yule askari.

Ijumaa hooyo akaziachia kurasa. Hakucheka. Akarudia, akarudia, mpaka chai ikafurika motoni.

"Ndiye," akasema polepole, kwa Kisomali. "Anakwenda kisimani. Tazama anavyoyumba, shibe hiyo."

Halafu akashika nusu ya mbele ya daftari, akaichana kwaa! Nikaudaka mkono wake.

"Hooyo! Si ametembea?"

"Nilisema daftari litawasha jiko. Sikusema kurasa zipi."

Kumbe alichana hesabu zangu za shule, zote zikaenda kuchemsha chai. Ngamia akamfungia katika sanduku lake la nguo. Ndiyo maana kugawanya sijui mpaka leo.