Mustang ya Baba Yake Wangari

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimeishi Guangzhou miaka kumi na mmoja. Nimeona mtu akiagiza viatu jozi elfu akaletewa vya mguu wa kushoto vitupu. Nimeona bibi mzima, mwenye maduka mawili Mombasa, akikaa chini katikati ya soko la Shahe na kukataa kuinuka mpaka arudishiwe mzigo wake. Hayo yote niliyatazama nikaendelea na safari zangu. Lakini ile alasiri kwa Laoban Liang, tulipokwenda kuulizia gari la baba yake Wangari, sijaisahau hadi leo.

Wangari wa Gitau ni mwenzangu wa ofisi. Ofisi ni jina tu. Ni chumba kimoja hapa Xiaobei, ghorofa ya tisa, meza mbili zinatazamana na katoni zimefika darini. Upande wangu ni nguo, nyingi za soko la Shisanhang na za bei ya chini za Shahe. Upande wake ni spea za magari. Mimi ni Faudhia wa Kibokoni, Mombasa. Yeye ni wa Nakuru, ana miaka arobaini na minne, mfupi, na miwani yake ameifunga kamba shingoni kama mwalimu wa zamani.

Kazi yake ni kukagua. Mfanyabiashara wa Nairobi akiagiza spea, Wangari ndiye anayezitazama kabla kontena halijafungwa kwenda bandarini Huangpu. Huinusa mipira. Hukwaruza kromu kwa ukucha. Beringi huipima kwa kiganja tu, halafu huirudisha mezani na kusema, "Jiade," yaani feki, na hapo muuzaji hata aape kwa mizimu ya kwao hasikilizwi. Kuna maduka wakimwona anatokea huanza kuingiza maboksi ndani.

Sifa hiyo ilimpanda kichwani, nitasema ukweli. Feki kwake ilikuwa dhambi. Mimi nina mkoba wenye jina kubwa ambao sote tunajua haukutoka kwa mwenye jina. Siku ya kwanza kuuona aliniambia, "Dada Faudhia, umebeba uongo begani." Sikusema naye siku mbili.

Kitu pekee alichokuwa akijivunia hapa duniani ni gari la baba yake. Mzee Gitau alikuwa fundi wa magari Nakuru, na kontrakta mmoja mgeni, ambaye mzee alikuwa akimtengenezea magari, alipohama nchi alimwachia Mustang ya mwaka 1969. Si ile ya mashindano yenye milia, ni ile ya kawaida. Wangari alijifunza kushika spana akiwa amelala chini yake. "Lile gari, dada," angeniambia tukinywa chai, "hata skrubu ni orijino." Nimeyasikia maneno hayo mpaka naweza kumsaidia kuyamalizia.

Sasa kaka yake, Stephen, anakodisha magari ya harusi huko Nakuru, na alitaka Mustang hiyo igeuzwe nakala ya ile ya mashindano. Boneti mpya yenye pua, grili nyeusi, milia miwili kutoka mbele hadi nyuma, viti vipya. Maharusi wanaipenda hiyo, na kila kifaa kinapatikana huku Guangzhou. Mzee ana miaka themanini na mmoja, macho yamechoka, haendeshi tena. Nyumbani walibishana wiki nzima. Mwisho mzee akasema, "Muulizeni Wangari. Atakalosema yeye ndilo."

Wangari angeweza kusema hapana siku ile ile, na alisema. Ila Stephen ni mbishi, akasema dada yake anaongea kwa mapenzi tu, na kwamba nafasi ya kontena la mwisho wa mwezi ameshaishika. Basi Wangari akaona amkate maneno mara moja. Akamwambia afungue vitu vichache, amtumie, fundi anayevijua atazame na kuandika kwamba ni vya asili, na hapo mtu asiguse gari tena. Stephen akafungua grili, nembo ya farasi na kioo cha taa ya nyuma, akampa Nelly, mfanyabiashara wa Nairobi aliyekuwa anakuja kununua mapazia. Vikafika ndani ya sanduku, vimefungwa kwenye leso.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, nikapitiwa. Wangari alivifungua, akavipangusa kwa mkono wa sweta, akavipanga mezani. Hakunusa. Hakukwaruza.

"Hukagui leo?" nikamtania.

"Vya baba havikaguliwi," akanijibu, na hakuwa anatania.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, tukaenda kwa Laoban Liang. Laoban ni bosi, lakini huyu ni bosi wa karakana moja yenye watu wanane, nje ya mji. Anatengeneza kalibu za kumiminia plastiki na aloi. Ukimpa kifaa kimoja cha gari la zamani atakutolea mia. Wangari amefanya naye kazi tangu siku zake za kwanza China, na ndiye mtu mmoja ambaye jicho lake analiamini kuliko la kwake. Mimi nilifuata kwa sababu nilikuwa na njia ya upande huo, na pia, kusema kweli, nilitaka kuona anavyojivuna.

Liang alikichukua kioo cha taa, akakigeuza upande wa nyuma, akakisogeza dirishani. Kisha akacheka.

"Hii ni yangu," akasema.

Wangari akamwambia kwa Kichina, polepole kama anayemweleza mtoto, kwamba hapana, hii ni ya baba yake, ya mwaka 1969.

Liang hakubishana. Aliingia nyuma, ambako ana rafu ambayo kila kalibu aliyowahi kuichonga ameiwekea kifaa kimoja cha kumbukumbu. Akarudi na kioo kingine, chekundu vilevile, ila hakijaliwa na jua. Akaviweka pamoja juu ya meza. Kwenye vyote viwili tundu la skrubu la chini lilikuwa limekwenda kombo, upana wa nusu kidole. Kwenye hiki chetu palikuwa na tundu la pili pembeni yake, limetobolewa kwa mkono. Na juu ya kile cha rafuni palikuwa na kipande cha karatasi, kimeandikwa kwa kalamu nzito: JEMBE.

Nilimtazama Wangari. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na miwani ilikuwa imemshuka hadi mdomoni wala haoni.

Lazima nieleze Jembe ni nani. Huku kwetu wateja wengi huwajui. Mteja yuko Kenya, dalali yuko katikati, na dalali hakutajii jina la mteja hata kwa bunduki, kwa kuwa anaogopa utamruka. Unachopewa ni maki, herufi za kupiga kwa rangi kwenye katoni ili mzigo ufike kwa mwenyewe. Maki ndiyo jina la mtu. Una mteja wa miaka, unamjua kwa maki tu.

Wangari alipokuja China miaka kumi na miwili iliyopita, mzee Gitau hakutaka. Alisema mbele ya ukoo mzima, kwenye mkutano wa kupanga harusi ya mtu mwingine kabisa, kwamba China si mahali pa mtu kwenda peke yake na kwamba miezi mitatu haitaisha huyu binti hajarudi. Na siku ya safari hakwenda kumsindikiza. Wangari akaja. Miezi minane ilipita hajapata mteja hata mmoja. Alikuwa amefunga mabegi, na nyumbani ameshawaandikia kwamba anarudi. Ndipo Maulid, dalali wa Nairobi, akampigia: kuna mteja anataka taa za Mustang, maki yake ni Jembe. Mustang Wangari aliijua kwa kichwa, na ni Liang aliyemchongea. Tundu likatoka kombo. Akaandika kuomba radhi huku analia, na jibu likaja kupitia kwa Maulid: mteja anasema si kitu, atatoboa mwenyewe. Mwezi uliofuata Jembe akataka vioo vya pembeni. Kisha grili. Kisha nembo, vitasa, dashibodi, viti. Miaka miwili na nusu, kila mwezi kitu kimoja, mpaka wateja wengine walipoanza kuja, na hapo Jembe akanyamaza. Nimemsikia Wangari kwa masikio yangu akimwombea Jembe kwenye sala zake.

Kenya ina Mustang ngapi? Swali hilo hakujiuliza hata siku moja. Wala mimi. Na mara zote tatu alizokwenda nyumbani alikuta mzee amelifunika gari turubai, na yeye hakulifunua.

"Pengine baba yako alinunua kwa huyo Jembe," nikasema. Ilikuwa ni kusema tu. 

 Wangari alitoa simu akapiga palepale, spika wazi, akaiweka mezani kando ya vile vioo viwili. Kwao ilikuwa asubuhi, jogoo wanasikika. Mzee humwita Maitu, yaani mama, kwa kuwa Wangari amebeba jina la mama mzazi wa mzee.

"Maitu. Uko salama?"

"Baba, Jembe ni nani?"

 Tukasikia mzee akiburuta kiti.

"Maulid amekwambia?" akauliza mzee.

"Sijaambiwa na mtu. Nimeshika taa yako ya nyuma."

"Ah. Ile ya tundu la kombo." Akakohoa. "Ile ilinitesa. Nilitoboa kutwa nzima, naogopa kuipasua."

Wangari akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyokuwa hapo. Akauliza taa za orijino ziko wapi. Mzee akasema aliwapa mafundi wenzake, wengine wa Gilgil, wengine wa Molo, hakumbuki vizuri. Grili je? Vilevile. Dashibodi? Vilevile.

"Baba, kwa nini? Si ungenunua hivi vyangu ukaviweka stoo tu, gari lako ukaliacha lilivyo?"

"Mteja anayeweka stoo haagizi tena," mzee akasema. "Maulid angenishtukia. Ilibidi gari liwe linahitaji. Nikitoa kitu, pengo linabaki, naagiza. Wewe ulishasema unarudi, Maitu. Na mimi nilishasema maneno mbele ya watu. Ningekutumia hela ya kukaa huko, ungeipokea?"

"Nisingeipokea."

"Najua. Kiburi umekitoa kwangu."

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono. Laoban Liang, ambaye hakuelewa neno hata moja, alizima mashine iliyokuwa inanguruma nyuma na kuwaashiria watu wake wanyamaze. Sijawahi kuona karakana ya China imenyamaza saa za kazi.

"Baba, mimi nimewaambia watu miaka yote kwamba lile gari ni orijino."

"Nimekusikia. Kila ukipiga simu unatukana feki, na mimi nimeketi kwenye kiti ulichonitumia. Nilikuwa naona aibu." Akaongeza: "Nikasema nikuachie wewe uamue. Kwamba ukisema ndiyo, vile vyote vitatolewa na Stephen na hutajua. Ukasema hapana."

Wangari alikuwa anakitazama kile kioo cha taa. Nilijua anatafuta nini. Alikuwa anakikagua, kwa mara ya kwanza, ukucha wake unapita juu ya ukingo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeangukiwa na ukuta. Mwanamke aliyefunga milango ya watu kwa neno moja ndiye aliyeligeuza gari la baba yake kuwa feki, kipande kwa kipande, na kila kipande alikifunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa nifanye nini?" akauliza. Alinitazama mimi kwanza, halafu simu.

"Sema ndiyo," mzee akasema. "Mimi ndiye nitakayeagiza, si Stephen. Boneti, grili, milia, vyote. Sitaki Maulid. Na kwenye katoni usiandike Jembe. Andika Gitau, Nakuru, kwa herufi kubwa. Nilisema hutaweza, na watu walisikia. Wakati mzigo unashuka nataka wale waliobaki hai wasome."

Wangari alirudisha miwani machoni. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya kazi. "Grili unataka ya aloi au ya plastiki?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Ya aloi," akasema. "Ndiyo, Baba. Tutaligeuza."

Wiki tatu zilizofuata alimtesa Laoban Liang kiasi kwamba hata mimi nilimwonea huruma. Boneti ya kwanza aliikataa kwa sababu ya rangi, ya pili kwa sababu ya bawaba, na kila tundu la skrubu alilipima kwa rula. Liang hakulalamika hata mara moja. Siku ya kupakia nilikwenda kumshikia stensili uani, lori la kwenda Huangpu limesimama, injini inawaka, dereva anachungulia dirishani. Katoni zilikuwa sita. Alipiga GITAU, NAKURU kwenye tano, herufi zimenyooka kabisa. Ya sita hakuiwahi, kopo la rangi lilimdondoka mkononi, akaketi juu ya katoni akalia kwa sauti, na dereva akazima injini akangoja.