Dude la Manyoya na Tafsiri Yangu

Binti yangu alikuwa na miaka mitano tulipoanza. Jumamosi asubuhi nikitoka zamu ya usiku ghalani, huku ughaibuni, Fort Worth, usingizi ulikuwa haunijii. Mwili umechoka, miguu haitaki kutulia. Nafungua friji, naifunga, nachungulia maegesho ya magari kana kwamba nina mgeni njiani. Yeye anawasha ile chaneli ya bure inayorudia vipindi vya watoto vya zamani.

Si katuni. Ni watu halisi, rangi zimefifia, pamoja na dude la manyoya ambalo zipu yake inaonekana mgongoni. Dude linaishi ndani ya basi bovu, na watoto wawili wanalificha lisikamatwe na bwana mmoja mwenye joho la kumetameta. Hayo niliyaona kwa macho. Waliyosema, sikuambulia kitu. Kiingereza changu kiliishia kwenye maandishi ya maboksi ya kazini.

Lakini mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Kigoma. Kwenye banda letu la video, mtu mmoja alishika maikrofoni akatusimulia filamu nzima kwa Kiswahili, na asichokijua alikitunga. Hakuna aliyelalamika. Basi nikapunguza sauti, nikasimama kando ya televisheni, nikaanza. Dude nikalifanya chifu aliyewakimbia mashemeji zake. Bwana wa joho akawa shemeji mkubwa, mbishi, mlafi wa nyama za wenzake. Binti yangu akacheka hadi akaanguka chali. Hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya wiki aliyokaa ndani ya Kiswahili changu bila kunijibu kwa Kiingereza, na niliing'ang'ania kwa meno.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwaka huu, siku nimemfikisha shemeji mahakamani, binti yangu akachukua rimoti akaongeza sauti.

"Baba, that's not what he said."

"Alichosema nakijua mimi. Mtafsiri ni mimi," nikafoka.

"But you made it up. Everything."

Kwamba nimetunga yote, hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu ilikuwa imefika miaka mitatu. Nikaenda jikoni kuosha masufuria yaliyokuwa safi.

Jumamosi mbili zilizofuata alitazama peke yake. Mimi nilizunguka kati ya jiko na dirisha, nikimsikia akicheka utani nisioufahamu. Nililionea wivu dude, nakiri, mtu mzima na ndevu zangu. Nilifikiria kuzima televisheni. Nilifikiria kupiga marufuku Kiingereza nyumbani, kama walivyofanya jirani zetu, ambao watoto wao sasa wananyamaza tu.

Jumamosi ya tatu, dude liliketi kwenye ngazi ya basi likasema jambo fupi. Binti yangu hakucheka. Alikumbatia magoti.

"Amesema nini?" nikauliza.

Akanigeukia, akidhani namtania. "Baba, si unajua?"

Mtoto akishajua kwamba baba yake hajui, hasahau.

"Sijui, mama. Sikuwahi kujua. Niambie."

Akafikiri, akitafuta maneno moja moja.

"Amesema... anataka kurudi kwao. Lakini kule kwao, watu... wame-forget jina yake."

"Halafu?" nikauliza haraka, kabla hajarudi kwenye Kiingereza chake.