Mama Miche na Konokono wa Ukutani

Shangazi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Miche, hakuwahi kumwogopa mnyama anayemwona vizuri. Nyoka alimuua kwa jembe, kisha akarudi kumalizia chai yake. Waliomtoa jasho ni konokono wadogo kuliko punje ya mtama. Ukimweka mmoja juu ya ukucha, bado ana uwanja wa kutembea.

Kitalu chake kiko nyuma ya nyumba tunayoishi, chini ya ukuta mrefu wa mawe uliojengwa kuzuia kilima kisituporomokee. Kando ya kitalu palikuwa na chumba kimoja kilichoegemea ukuta huohuo, na humo walilala mkwe wake na mjukuu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Mwanawe, mume wa huyo mkwe, ni dereva wa lori, nyumbani huja kama mgeni. Shangazi alikitaka chumba kile kiwe stoo ya mifuko ya udongo, na hakuficha. Mkwe alifunga mdomo, lakini masikio alikuwa nayo.

Konokono walitokea kwenye matundu yaliyoachwa chini ya ukuta. Si wa majini hawa. Wanavuta hewa kama sisi, wanapenda unyevu na chokaa, na kati ya mawe yale walivipata vyote viwili. Wateja waligeuza kopo la mche, wakakuta ukoo mzima umejibandika chini, wakarudisha mche na kwenda zao. Basi shangazi akanunua saruji, akaziba tundu baada ya tundu, huku akituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakujua kufanya kazi nusunusu. Alishindilia kokoto kwanza, kisha saruji, kisha akalainisha kwa kiganja.

Mwashi mmoja aliyekuja kununua mche wa mparachichi alimwonya kwamba matundu yale ndiyo njia ya maji ya kilimani, na kwamba yakizibwa ukuta utabeba mzigo usio wake. Shangazi alimjibu kuwa kama ukuta umebanwa na mkojo, ukakojoe kwa jirani. Tulicheka wote, hata mwashi. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani hukumbuka methali akiwa anacheka?

Mvua zilipoanza, konokono walirudi. Safari hii walitokea kwenye maungio ya mawe, usawa wa kiuno, kisha usawa wa bega, wote wakielekea juu. Shangazi aliuona huo ni ukaidi, akaazima ngazi, akaziba na huko. Mimi niliuogopa ule ukuta, wala sioni haya kusema. Mlango wa mkwe ulianza kukwama, ukawa haufungi mpaka usukumwe kwa bega. Alipolalamika, aliambiwa mbao hufura wakati wa masika.

Alasiri moja, mvua ikiwa haijakatika tangu juzi yake, nilimkuta shangazi amesimama mbele ya ukuta, kalowa chapachapa. Konokono walikuwa wamefika ukingoni kabisa, wamejazana mpaka mawe yakaonekana yameota vipele. Aliniuliza kwa sauti ndogo, kiumbe anayevuta hewa anakimbia nini humo ndani. Uso wake ulionyesha ameshajijibu. Alichukua tindo na nyundo, akalipiga zibo la kwanza, akalipiga tena. Halikumeguka hata chembe. Kazi yake ilikuwa nzuri mno.

Akatupa nyundo, akaenda mlangoni kwa mkwe na kumwambia atoke na mtoto, sasa hivi. Mkwe alikuwa ananyonyesha. Akasema kwa upole kwamba amechoka kufukuzwa kwa visingizio, na kwamba hiyo stoo mama ataipata mwanawe akirudi. Shangazi hakubishana. Alimpokonya mtoto kifuani, akatoka naye mbio mvuani bila hata cha kumfunika. Mkwe alimfuata akipiga mayowe kwamba anaibiwa mwana, nami nyuma yao, mpaka barabarani, ambako alimkamata shangazi nywele. Alikuwa bado amezishika ukuta ulipoanguka. Ulilia kama lori linalomwaga kokoto, na tulipogeuka, chumba hakikuwepo.

Majirani walikuja na kumsifu shangazi. Walisema huyo ndiye bibi, angalieni alivyomwokoa mjukuu. Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, tena ningepokea na pole. Yeye alimgeukia mkwe, ambaye alikuwa ameshamchukua mtoto wake na kumlaza begani.

“Mwanangu, ukuta nimeuangusha mimi. Niliyazuia maji, nikaambiwa, nikacheka.”

Mkwe hakumtukana wala hakulia. Alimhamishia mtoto kwenye bega la pili, lile lililokuwa mbali na shangazi.